Kikohozi Changu na Baraza la Mlangoni

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi, na kikopo cha makohozi umekificha ndani ya mfuko mweusi, kaa vizuri. Mimi nimeshatoka kwenye hiyo benchi. Nilimaliza miezi yangu sita ya dawa, kilo zangu zote zimerudi, pamoja na nyingine ambazo sikuziomba. Sitakufundisha habari za vijidudu. Infirmier, yule muuguzi wa kituo, atakueleza, na usipoelewa atakueleza tena kwa sauti ya juu zaidi. Nataka nikueleze yale ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani: akina mama wa mlango wa shule, mtoto wangu, na jambo moja baya nililolitenda mimi mwenyewe. Watu walinishauri ningoje hasira ipite kwanza ndipo niandike. Nimengoja msimu mzima wa mvua. Haikupita, basi naandika nayo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilisoma mpaka diplôme, coupe et couture, yaani ushonaji, na tangu siku hiyo cherehani yangu iko karibu na dirisha, nami niko nyuma ya cherehani. Tunakaa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Mume wangu, Papa Bénie, husema siku ya mwisho malaika atapiga tarumbeta mbele ya nyumba yetu na mimi nitamwambia aingie ndani, mimi sitoki. Nilikuwa natoka kwenda shuleni kwa sababu ya binti yetu tu, Bénie, aliyekuwa na miaka minne na anasoma maternelle, ile shule ya watoto wadogo kabisa. Nilikuwa nafika saa sita kamili, namshika mkono, narudi mbio kama mwizi.

Wenzangu hawakuwa hivyo. Wao walifika nusu saa mapema na kukaa kwenye ukingo wa saruji, chini ya ukuta wa shule. Mama Gloria alikuwa anakuja na bidoni ya munkoyo, ile pombe yetu isiyolewesha ya mahindi na mizizi, na kikombe kimoja. Kikombe kimoja, midomo minane. Kikizunguka, kinazunguka pamoja na habari za mtaa mzima. Mimi niliwaita Baraza la Mlangoni, na Mama Gloria nilimpa cheo cha présidente bila kumwuliza. Walikuwa na kikundi chao kwenye simu pia. Na mimi nilikuwamo, lakini nilikuwa nimekizima sauti mwaka mzima.

Kikohozi kilianza mwezi wa sita, wakati wa baridi na vumbi. Hapo njo kuna kosa letu sisi watu wa huku: toka mwezi wa sita mpaka wa nane, Lubumbashi haina mgonjwa wa kifua, ina vumbi tu. Muuza makala anakohoa, padri anakohoa katikati ya mahubiri, nani atakushangaa? Nilikunywa tangawizi. Nilijifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi. Nilipoanza kulowesha shuka kwa jasho katika baridi ile ya kupasua midomo, nilisema ni blanketi, ni zito mno. Blanketi lilikuwa la miaka sita, na limetoboka.

Sketi nazo zilianza kunizunguka. Nafunga zipu nyuma, nikifika sokoni zipu iko mbele. Nikaipunguza sketi. Baada ya majuma mawili nikaipunguza tena, nikajitazama kwenye kioo nikajisifu kwamba nimekuwa msichana. Fundi mjinga kuliko huyo hujapata kumwona. Juma la kwanza la mwezi wa tisa, siku shule zilipofunguliwa, nilikohoa damu ndani ya beseni la nguo za kufua. Hapo hata mimi sikuweza kusema ni vumbi.

Kituo cha dawa za kifua kiko pia Katuba, karibu na kwetu. Mimi sikukitaka. Nani aende kukaa na kikopo mahali ambapo muuza nyanya anamfahamu? Nikachagua kituo cha mbali, upande wa Naviundu, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kila siku ya Mungu kwa miezi miwili, kumeza vidonge mbele ya infirmier Ilunga. Mtu aliyekuwa anachoka kwa kwenda chooni! Kiburi kina miguu yenye nguvu sana.

Vidonge vilikuwa vinne, vikubwa, vyekundu kama tofali. Siku ya kwanza hakuna aliyenitahadharisha kuhusu mkojo. Nilipoona kilichotoka, chenye rangi ya machungwa, nilipiga kelele hata Papa Bénie akaja mbio na ufagio, akidhani ni nyoka. Viungo vilikuwa vinauma kama vya bibi kizee. Ngozi ilikuwa inawasha. Halafu, baada ya juma la tatu, ikaja njaa. Mama wee, ile njaa! Nilikuwa namaliza bukari yangu, ule ugali wetu, na kutazama ya mtoto.

Nyumbani palikuwa na ubaridi usiotoka nje. Papa Bénie alihamia sebuleni na godoro lake. Sawa, alikuwa ameambiwa na infirmier, kwa muda mfupi. Lakini ule muda ulipokwisha hakurudi. Akanitengea sahani, kijiko na kikombe, akaviweka kwenye rafu ya chini, karibu na sabuni ya kufulia. Hakusema neno. Angalau angesema, tungegombana.

Akaja mama yake kutoka Pweto, na kapu la samaki wakavu. Nilimwogopa huyo kuliko ugonjwa, maana kwenye harusi yetu aliuliza kama huyu bibi arusi mwembamba ataweza kuinua mwiko. Jioni ya kwanza tulikaa kula. Akaitazama sahani yangu ya pekee, akamtazama mwanawe.

"Hii ya kila mutu na sahani yake, muko hoteli?"

"Mama, iko na ugonjwa ya kifua…"

"Infirmier alisema nini?"

"Alisema haiambukize tena, sababu iko anakunywa dawa muzuri."

"Basi weye njo umesoma kupita infirmier? Miye nilizaa batoto munane, nilizika batatu. Kikohozi ya bibi yako haitanifukuza kwa chakula. Leta bukari hapa katikati."

Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi wangu. Kisha akanigeukia: "Na weye, kula. Uko mwembamba kupita siku ya ndoa, na siku ile nilisikia haya." Nilicheka mpaka nikakohoa. Usiku huo godoro la sebuleni lilirudi chumbani, na sikuuliza limerudije.

Sasa sikiliza mambo ya mlangoni.

Kwa sababu ya udhaifu, sikuweza tena kukimbia shuleni. Nilikuwa naondoka mapema, natembea kama kinyonga, na nikifika lazima nikae. Pa kukaa palikuwa pamoja tu: ukingo wa saruji. Baraza likanisogezea nafasi. Nilikuwa nimemwuliza infirmier Ilunga kwanza kama naweza kukaa na watu, akasema nikae, nimeshapita majuma ya hatari. Basi nikakaa. Kikombe kikaja, nikanywa. Walinicheka kwamba walidhani mimi ni bubu. Nikawaambia mimi si bubu, nina cherehani. Wakacheka sana. Kwa siku kumi hivi, mimi, mtu wa ndani, nilianza kuitazama saa tangu asubuhi ili niende kukaa ukutani na wanawake. Nashindwa hata kuandika bila kujicheka.

Aliyenitoa ni binti yangu mwenyewe. Walimpima, wakamkuta hana ugonjwa, ila kwa umri wake wakampa kidonge cha kumkinga, kila asubuhi. Ili akimeze nilimwambia ni dawa ya watu wakubwa. Tulikuwa tunahesabu mpaka tatu, mimi nameza kile changu cha vitamini walichonipa cha nyumbani, yeye chake, tunaonyeshana ulimi. Alijivuna sana. Na mtoto akijivuna, darasa zima linajua.

"Miye na mama tunakunywaka dawa pamoja!" aliwaambia wenzake. "Mama iko na tébé, ya mukubwa. Miye niko na kidonge yangu ya kadogo!"

Tébé njo kifua kikuu, hakuna mtoto wa Katuba asiyewahi kulisikia neno hilo likisemwa kwa kunong'ona.

Kesho yake kikombe kilifika kwa jirani yangu, kikaruka juu ya mapaja yangu, kikaenda kwa mwingine. Nilidhani ni bahati mbaya. Kikarudi, kikaruka tena. Mama Gloria akajifuta mdomo.

"Mama Bénie, usisikie mubaya. Shiye tuko na batoto."

"Na miye niko na nini, mbuzi?"

"Ulikaa hapa, ukakunywa na shiye, haukusema kitu."

"Niliuliza infirmier."

"Ulipaswa kuuliza shiye."

Hapo nakubali, maana nimeahidi kusema kweli: alikuwa na haki kidogo. Robo ya haki. Lakini zile robo tatu nyingine alizichukua bila ruhusa. Jioni hiyo nilifungua simu nikakuta nimetolewa kwenye kikundi. Kikundi kile nilichokuwa nimekizima sauti mwaka mzima, ambacho sikuwahi kuandika humo hata neno "Amina", siku waliponitoa nililia mpaka nikalowesha kitambaa cha mteja.

Hayo ya kwangu ningeyameza. Ningerudi nyuma ya cherehani yangu, huko ndiko kwangu. Lakini juma lililofuata, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, nilichungulia darasani nikamtafuta Bénie kwenye meza ya manjano. Watoto wanakaa sita sita, meza ya manjano, ya buluu, ya kijani. Bénie hakuwepo. Alikuwa amewekwa peke yake karibu na dirisha, kwenye kiti na kijimeza, kama karani wa posta.

"Ni juu ya hewa, mama," maîtresse, mwalimu wake, akaniambia, akitazama viatu vyangu. "Bazazi bengine banasumbua. Ni ya muda kidogo tu."

Mwanzoni Bénie alifurahi. "Mama, miye njo chef, mukubwa wa dirisha!" Alikuwa ananiambia ndege wangapi wamepita. Nikaanza kuomba asielewe. Lakini mtoto wa miaka minne anaelewa yote, anachelewa tu kukuambia. Siku moja, ninamvua viatu vyenye matope, akauliza: "Mama, kwa meza ya manjano banaimba na kushikana mikono. Miye nitashika ya nani?"

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani: kumrudisha mtoto wangu kwenye meza ya manjano. Kupona kwangu kulikuwa kwa ajili ya hilo.

Mwishoni mwa mwezi wa pili wa dawa makohozi yangu yalitoka safi. Infirmier Ilunga akaniandikia karatasi, na muhuri wa buluu, kwamba mama huyu hana hatari kwa mtu, na mtoto wake hajawahi kuwa mgonjwa. Nikaipeleka kwa directrice, mkuu wa shule. Akaisoma, akasema, "Nimeelewa, mama, lakini tungoje bazazi batulie." Nikaipeleka ukutani. Mama Gloria akaisoma polepole, akaikunja, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Muhuri, siku hizi, hata ya mutu ya kufa inapatikanaka."

Wakacheka. Siyo wote. Wengine wawili walitazama chini. Lakini wewe mgonjwa mwenzangu nakuambia, anayetazama chini hakusaidii chochote, na mimi hasira yangu inawatosha na hao pia.

Kuanzia mwezi wa kumi na moja nilikuwa naenda kituoni Jumanne tu. Chumba cha kungojea kina benchi moja ndefu. Unakaa mwisho, wa mbele akiingia, wote mnasogea. Watu hawaitani majina. Kuna sheria ambayo haijaandikwa na kila mmoja anaijua: uliyemwona pale, umwache pale.

Jumanne ya pili akaingia mwanaume mrefu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, barakoa usoni. Akakaa pembeni yangu. Nikaitazama mikono yake, na lile kovu refu kwenye kidole gumba. Nilikuwa nimeliona kovu hilo asubuhi nyingi likimshusha mtoto mlangoni. Alikuwa Papa Gloria, mume wa présidente, dereva wa lori la Kasumbalesa, kule mpakani. Naye alikuwa ameikimbia Katuba aje kujificha Naviundu, kama mimi. Ndivyo tulivyo: tunavuka mji mzima ili tusionekane, na huko tunakutana sote.

Aliniona. Tukatazama ukuta pamoja.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "hatukuonana."

"Hatukuonana, papa."

Ndiyo ahadi niliyotoa. Baadaye, kidogo kidogo, alinieleza kwamba nyumbani amesema anatibu vidonda vya tumbo. Alikuwa ananiulizia Bénie. Hakuwahi kusema neno juu ya dirisha, nami sikumwuliza kama anajua. Alikuwa anakohoa vibaya, mara nyingine namshikia kikopo.

Hebu nifikirie sasa. Kila saa sita nasimama mbali na ukuta, nasikia Mama Gloria akieleza jinsi ya kuosha ukingo niliokalia, na Jumanne nasogea kwenye benchi pamoja na mume wake. Ile siri ilikuwa inaniwasha kuliko dawa. Lakini nilinyamaza mwezi wa kumi na mbili wote. Nilijiona mtakatifu. Nilikuwa najisifu moyoni, na hiyo ni dalili mbaya.

Mwezi wa kwanza Bénie alitimiza miaka mitano. Kwa desturi ya maternelle yetu, mama wa mtoto analeta kitu cha kula, darasa linaimba, wanakula pamoja. Nilikaanga mikate beseni zima, ile midogo ya mviringo, nikainyunyizia sukari. Nikamvalisha gauni nililolishona kwa siku tatu. Saa sita nikaenda kumchukua. Beseni lilikuwa limejaa vilevile, kitambaa juu, kama nilivyolifunga.

"Maîtresse njo alikula moya," Bénie akasema. Hakuwa analia. Ningependa alie. "Gloria alisema mama yake alisema mikate yetu iko na tébé."

Nikambeba mtoto upande mmoja na beseni upande mwingine, nikaenda mpaka ukutani. Nikainama sikioni mwa Mama Gloria, karibu kabisa, kama rafiki.

"Usalimie Papa Gloria. Umwambie Jumanne nitamuchungia nafasi kwa benchi, kule Naviundu, kwenye batu ya tébé."

"Unasema nini?"

"Umuulize ye."

Midomo yake ikafunguka, ikakaa wazi. Hakujua. Nilidhani anajua na anaficha, ndiyo maana anapiga kelele. Hivyo njo nilivyojiambia. Mpaka leo sina hakika kama nilidhani hivyo au nilitaka kudhani.

Kesho yake asubuhi, Bénie alikuwa kwenye meza ya manjano. Mwalimu alisema présidente amekuja mwenyewe, ameomba mtoto arudishwe, hakuna shida tena. Nilichungulia dirishani nikamwona binti yangu ameshika mikono miwili, mmoja kila upande, anaimba kwa sauti mbaya sana ya baba yake. Nilirudi nyumbani nikacheza peke yangu kuzunguka cherehani.

Jumanne, Papa Gloria hakuja.

"Ile chauffeur ya Katuba iko wapi?" infirmier Ilunga akauliza benchi nzima. "Simu yake haiingie. Kuna mutu anamuyua?"

Nikautazama ukuta. Jumanne iliyofuata, hakuja tena. Infirmier akasimama mlangoni na kadi yake mkononi.

"Dawa ikikatiwa katikati, tunaanzaka upya, kuanzia sifuri. Na bengine banakufaka kabla ya kuanza tena."

Nilimeza vyangu. Nikarudi nyumbani bila kupita sokoni. Papa Bénie alinikuta jikoni nimekaa mbele ya sufuria isiyo na kitu.

"Si ulipata kitu ulitaka?" akasema. "Mutoto iko kwa meza. Bale batu ubaache na kiburi yabo."

"Mutoto iko kwa meza, ndiyo."

"Sasa unalia nini?"

"Kuna mutu mwingine iko anakufa sababu ya ile kiti ya mutoto."

Akakaa. Baadaye akaniambia, "Kesho nitamupeleka miye kwa masomo. Weye wende kwao."

Wewe unayesoma, kama una hasira, na utakuwa nayo, itumie kwa lolote. Wapigie kelele, waandikie, wanyime salamu. Lakini benchi usiiguse. Pale ni mahali pekee ambapo sisi tunakohoa bila kuomba radhi, na mimi nilipachafua kwa mkono wangu. Siwezi kuwalaumu wao kwa hilo, ingawa nimejaribu sana.

Asubuhi nilibisha kwenye lango lao. Mama Gloria alifungua kidogo, uso wake umevimba. Mtaani alikuwa ameeneza kwamba mume amesafiri.

"Ulikuya kucheka?"

"Ndiyo, nilikuya kucheka. Lakini nitacheka akimaliza dawa. Iko wapi?"

"Iko Kasumbalesa."

Ndani ya nyumba, Kasumbalesa ikakohoa. Kikohozi kirefu, cha maji, ninachokifahamu.

"Mama Gloria, niliikosea nyumba yako," nikamwambia. "Na weye uliikosea yangu, na weye njo ulianza, na sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Tutagombana kisha. Dawa banafunga kutoa saa sita."

Hakuondoka langoni, lakini hakunizuia. Niliingia. Papa Gloria alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, amepungua kwa majuma mawili kama aliyepungua kwa mwaka. Akaniangalia.

"Mama Bénie. Tulisema hatukuonana."

"Tulisema. Niliharibu, papa. Unitukane njiani, ni mbali, utapata wakati. Lakini simama."

Akaliondoa blanketi magotini. Kisha akamwambia mkewe, "Leta viatu." Akajaribu kuinama kufunga kamba, kikohozi kikamkamata. Mama Gloria akapiga magoti akazifunga, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto, na fundo la pili ikambidi alirudie.

"Tupite njia ya nyuma," mkewe akasema. "Mbele kuna mulango ya masomo. Batatuona."

"Nimechoka na njia ya nyuma," Papa Gloria akamjibu.

Tukapita mbele, watatu, yeye katikati. Ilikuwa saa ya kuleta watoto, na akina mama walikuwa wamejaa mlangoni. Walitujibu salamu. Mmoja wao, yule aliyekuwa anakaa bega kwa bega na Mama Gloria kila siku, aliitazama barakoa, akamtazama Papa Gloria akikohoa kwenye kiwiko, akamvuta mtoto wake na kumvusha upande wa pili wa barabara. Hakufanya haraka. Alifanya kama mtu anayekumbuka tu kwamba ana kazi upande ule.

Mama Gloria alisimama. Alimfuata kwa macho mpaka upande wa pili.

"Ilikuwaka hivi kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku. Na weye njo ulikuwa unaanza," nikamwambia. "Tembea, basi inaondoka."